Mlango Nisioujaribu

Jumanne, 14 Mei
Asubuhi kulikuwa na mawingu mazito na upepo wa baridi. Mvua ilitishia mpaka saa tatu, kisha ikaghairi.

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba. Ni mimi, kitindamimba wako. Naomba unisome ukiwa umekaa penye mwanga, na ile miwani uliyoifunga mkono kwa uzi ikiwa puani, na goti likiwa limekuachia upumue kidogo tangu mwezi uliopita. Mama naye mpe shikamoo yangu mapema, kabla hajakuuliza mara tatu barua imetoka kwa nani. Mimi ni mzima. Kikohozi kimeisha. Yule jirani wa juu aliyekuwa akiburuta viti kila alfajiri amehama, na aliyekuja badala yake ni mtu wa kimya kiasi kwamba Jumapili nzima nilidhani chumba bado ni kitupu.

Kaka ndiye atakayekuletea. Alikuja huku kuchukua vipuri vya pikipiki na kesho alfajiri anageuza. Bahasha nitaifunga kwa gundi ya mbao, ile uliyonipa ya kurekebishia stuli. Ukiikuta imefunguliwa, basi Kaka, nawe nakusalimu, na uone haya.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu huipendi, na sababu naijua: nikipiga, Mama anapokea, anakupelekea maneno yangu kwa kupaza sauti, wewe unajibu ndiyo, naye ananirudishia ndiyo yako. Habari niliyo nayo safari hii sitaki ipitie mdomo wa mtu mwingine. Tena ni ndefu, na sitaki uijibu ndiyo.

Nianzie kazini, maana yote yametokea huko. Nyumbani mkiulizwa ninafanya kazi gani mnasema nauza mashine za masikio. Kaka huongeza eti nauza betri. Ngoja nikueleze mwenyewe kwa utaratibu.

Mtu akija kituoni kwetu, kwanza namchungulia sikio kwa kitochi, kama kuna nta naiondoa. Halafu anaingia kwenye kile chumba kidogo chenye sponji ukutani, unakikumbuka, ulisema kinanuka kama godoro jipya. Huko anabonyeza kitufe kila akisikia mlio, nami napata chati inayoonyesha sauti zipi zimempotea. Chati hiyo inaingia kwenye kompyuta, na kompyuta inakiambia kifaa kipaze sauti hizi kiasi hiki na zile kiasi kile. Watu wengi wanadhani kazi imeishia hapo. Lakini kompyuta haijawahi kuliona sikio la huyo mtu. Inakisia. Inachukua sikio inaloliita la wastani na kupiga hesabu juu yake. Baba, miaka sita nimechungulia masikio ya watu, na hilo la wastani sijakutana nalo hata siku moja. Kuna tundu jembamba kama la ufunguo, kuna lililopinda kama kiwiko, kuna pana ambalo kifaa kinacheza ndani yake. Sauti ile ile ikiingia kwenye tundu jembamba inakuwa kubwa zaidi, na kwenye tundu pana inapungua nguvu.

Ndiyo maana kuna kipimo cha mwisho. Kwenye fomu kinaitwa uhakiki. Sisi wenyewe tunakiita kipimo cha mrija. Ninachukua mrija laini, mwembamba kama tambi, ninauingiza sikioni mpaka karibu na ngoma ya sikio, hauumi, unatekenya tu. Kifaa kinavaliwa juu yake. Mbele ya mteja kuna spika inayotoa sauti ya mtu anayezungumza, na ule mrija unaniletea kwenye skrini sauti kamili iliyofika ndani. Naona mistari miwili: mmoja wa pale sauti inapotakiwa kufika, mwingine wa pale ilipofika kweli. Ikiwa haikutani, narekebisha mpaka ikutane. Nafanya hivyo kwa sauti ya chini, kwa ya kawaida, na kwa kubwa.

Unajua nilikuwa nikiwaelezaje wateja? Nilikuwa nawaeleza kwa milango yako. Nawaambia baba yangu ni seremala, na kwamba hata siku moja hajamwachia mtu mlango kwa kuamini namba zilizoandikwa karatasini. Anaubeba mpaka kwenye fremu yake. Anaufunga mara tatu: mara ya kwanza taratibu kama mtu aliyechelewa kurudi asiyetaka mkewe aamke, mara ya pili kama kawaida, mara ya tatu kwa hasira kama mwanamke aliyemsubiri huyo mtu. Mlango ukikubali mara zote tatu, anatoa penseli nyuma ya sikio na kuandika tarehe na alama ya vema kwenye ukingo wa juu, mahali ambapo hakuna atakayeona isipokuwa fundi mwingine siku atakapoung'oa. Basi sikio lako ndilo fremu, nawaambia, na mimi hapa ndipo ninapoufunga mara tatu. Wanacheka, lakini wanaelewa. Mzee mmoja, dereva mstaafu, aliniuliza kama mrija hautatokea upande wa pili. Nikamwambia katikati pana kitu, au angalau tuombe hivyo. Akacheka mpaka mrija ukatoka, ikabidi nianze upya.

Sasa sikiliza. Tarehe 5 Februari mkuu wa kituo alitukusanya. Ni yule bwana mrefu aliyekusalimia kwa mikono miwili. Sisi asipokuwepo tunamwita Bwana Dakika, kwa sababu anajua kila mtu ametumia ngapi chooni. Alisema foleni imekuwa ndefu, kwamba kumvalisha mtu kifaa kwa kufuata kompyuta kunachukua dakika kumi na tano na kipimo cha mrija kinaongeza dakika arobaini, na kwamba kuanzia siku hiyo watapimwa wanaolalamika tu. Wengine wazoee, alisema, sikio ni kama kiatu kipya.

Nilijua si sawa. Lakini nilinyamaza, nikafuata, wiki saba nzima. Nilivalisha watu arobaini na wawili namna hiyo. Usinitetee moyoni mwako Baba, bado sijamaliza.

Jumatatu tarehe 25 Machi aliingia mama mmoja fundi cherehani, mtu wa makamo, mwenye sindano mbili kifuani na uzi mweupe begani. Alikuwa mmoja wa hao arobaini na wawili. Hakukaa. Aliweka kifaa mezani kwangu, akasema amekirudisha kwa sababu nyumbani kwake wameanza kumwona mgomvi. Eti mkasi wake unamkata ubongo, maji ya bomba yanamrukia usoni, lakini mteja akimwambia kiuno kipunguzwe, haelewi kipunguzwe au kiongezwe, na ameharibu magauni mawili ya bibi harusi mmoja. Akasema nilimwambia azoee, naye amezoea kila kitu maishani, hata mama mkwe, lakini hili limemshinda.

Kwa kuwa alilalamika, niliruhusiwa kumpima. Niliingiza mrija. Mistari ilikuwa imeachana kama watu waliogombana: sauti kubwa zilikuwa zimepita juu, na zile nyembamba zinazobeba maneno zilikuwa chini kabisa. Nikarekebisha, nikapima, nikarekebisha tena. Dakika thelathini na tano. Kisha nikasimama nyuma yake na kumwuliza kwa sauti ndogo leo ameshona nini. Alinijibu kwamba ni sare za kwaya, ishirini na nne, na kola zote zinamtesa, halafu akashika mkono wangu. Nilidhani atashukuru. Aliniuliza kwa nini sikumfanyia hivyo siku ya kwanza.

Kumwambia habari za dakika niliona aibu. Nilimwambia tulikosea. Akasema basi msikosee kwa mwingine, akachukua mkoba wake akaenda. Shajara yangu ya siku hiyo ina mstari mmoja: "Ameniuliza kwa nini."

Kuanzia siku ile niliacha kutii. Kila anayevalishwa kifaa na mimi, nampima. Na nilipoona Bwana Dakika anawahamisha wateja wangu kwa mpimaji mwenzangu, niliamua wateja wenyewe wajue cha kudai. Tarehe 2 Aprili niliandika karatasi kwa kalamu nene nikaibandika mapokezi. Niliandika kwamba kabla hujaondoka na kifaa, uliza kama kimepimwa ndani ya sikio lako mwenyewe. Ukisikia sahani zinakupigia kelele lakini maneno hayaeleweki, usilaumiwe na usijilaumu, rudi tupime. Kipimo hakiumi. Chukua muda wako, ni haki yako.

Mama wa mapokezi ndiye aliyeifikisha mbali. Wateja wamempa jina Spika, kwa kuwa miaka mingi ya kuongea na wasiosikia imemfanya hata chai aiagize kama anapiga mnada. Wazee wasioona vizuri walimwomba awasomee karatasi, naye akawa anaisoma. Akisoma yeye, hata walio kwenye duka la dawa ng'ambo ya barabara wanapata. Kwa siku tatu kila aliyeingia chumbani kwangu na kwa mwenzangu alikuwa anauliza mrija uko wapi. Bibi mmoja alikataa kunyanyuka kwenye kiti. Alisema ameambiwa ni haki yake, na kwamba watoto wamempa siku nzima.

Ijumaa Bwana Dakika aliibandua mwenyewe. Aliikunja mara nne, akasema mbele ya watu kwamba kituo si baraza la kijiji na mimi si daktari. Ni kweli mimi si daktari. Nina cheti cha kidato cha nne na cha mafunzo ya mwaka mmoja. Nilimjibu kwamba hata kuona mistari miwili haikutani hakuhitaji udaktari. Spika alikohoa kwa nguvu akageukia ukuta. Jumatatu yake nilibandika nyingine. Naye akabandua. Nimebandika saba mpaka sasa, na ya saba iko nyuma ya mlango wa choo cha wateja, ambako yeye haingii.

Wale arobaini na wawili nao nimekuwa nikiwaita mmoja mmoja, kwenye saa yangu ya mapumziko. Nimeshapima ishirini na sita. Katika hao, ni wanne tu ambao kompyuta ilikisia vizuri. Wanne, Baba. Waliobaki walikuwa wanabeba lawama nyumbani kwao za ukaidi, za kujitia viziwi, za kutojali. Mmoja aliniambia mwanawe anamwita ukuta.

Leo saa nane mchana Bwana Dakika aliniita ofisini. Kesho saa nne wanakuja wakaguzi wa shirika linalotuletea vifaa, na kila faili linatakiwa liwe na fomu ya uhakiki yenye namba na sahihi yangu. Mezani alikuwa amepanga mafaili arobaini na moja yenye fomu mpya tupu. Kwa hao niliokwisha kuwapima baadaye, alitaka niandike tarehe ya siku ya kwanza. Kwa ambao hawajapimwa, ninakili tu namba za kompyuta. Alisema kwa upole kabisa, akanisogezea kalamu yake mwenyewe, kwamba mkaguzi hatachungulia sikio la mtu.

Nilimwambia siwezi kuandika kwamba nimeona nisichokiona. Akaniuliza mbona wiki saba sikuwa na mdomo huo. Hilo lilinipata, nikalikubali. Nilisema ni kweli nilikosea wiki saba, na sikusudii ya nane. Akasema kuna stoo inayohitaji mtu wa kuhesabu betri. Nikasema betri hizo zitahesabiwa vizuri sana, na Kaka yangu atafurahi kwamba hatimaye amesema kweli. Akasema stoo nayo ina watu wa kutosha, hivyo kesho kabla ya saa nne nichague: kalamu au mlango. Nikasema milango naifahamu tangu utotoni.

Ukisoma hapa najua utakuwa umetabasamu, na labda umemwita Mama umsomee. Usimwite kwanza. Kuna sehemu ya mazungumzo yale nimeiruka.

Umeona kwamba watu walikuwa arobaini na wawili na mafaili arobaini na moja. Kabla sijatoka, Bwana Dakika alivuta droo akatoa faili moja peke yake. Alilifungua, akageuza fomu inielekee. Ilikuwa imejazwa vizuri, kila mstari una namba, sahihi yangu chini, tarehe 8 Februari. Akaniuliza mbona hili liliwezekana. Akasema hivi ndivyo anavyotaka, yote yawe kama hili.

Lilikuwa faili lako.

Nimefungua shajara yangu mbele yangu hapa ili nisijipendelee. Alhamisi, tarehe 8 Februari, nimeandika hivi: "Jua kali. Watu kumi na tisa kwenye foleni. Baba amekuja na shati la bluu. Nimemvalisha kifaa, amefurahi, amesema anasikia feni. Sikumpima. Nimejaza fomu." Ndiyo yote. Wengine wote niliwaachia fomu tupu. Yako peke yake niliijaza uongo, kwa kuwa nilitaka faili la baba yangu liwe safi kuliko yote, na mtu akilipitia asiseme nilimhudumia ndugu kiholela. Zile namba nilizinakili kutoka kwenye mstari unaotakiwa. Ndiyo sababu zinapendeza hivyo. Ulikuwa umekaa pale mbele yangu unacheka, unasema feni ile inahitaji grisi, nami nilijiambia huyu ni baba yangu, sikio lake nalijua. Silijui. Hakuna mtu anayelijua kwa macho. Nilitundika mlango wako bila kuufunga hata mara moja, nikaandika alama ya vema juu yake.

Wiki tatu baadaye ulisema. Ulisema sahani zinakupiga, gazeti likikunjwa ni kama bati linaburutwa kwenye saruji, na mkeo akiongea yuko nyuma ya ukuta. Ulieleza vizuri kuliko mteja yeyote niliyewahi kumsikia, na Mama alinipigia akanieleza yote. Tarehe 29 Februari, naona mwandiko wangu: "Mama anasema Baba analalamika sahani. Nimewaambia azoee." Mimi huyu. Halafu Kaka akasema Mzee anasikia anachotaka, chakula kikiiva anasikia. Mama akasema mtoto amehangaika, nawe unamvunja moyo. Nawe ukakivua, ukakitia kwenye kopo la skrubu, ukaacha kwenda kucheza drafti kwa sababu wenzako wamekubandika jina la Mzee Ndiyo. Siku hizi, Mama anasema, unakaa uani nyuma ya nyumba, na wageni wakija unajifanya una kazi.

Tarehe 28 Aprili Mama alinikabidhi lile kopo, akasema kifaa nimpe mwingine mwenye shida kwa kuwa wewe umekataa. Nilikitoa kifaa kati ya skrubu, nikakitia kwenye kisanduku cha majaribio kazini. Kisanduku si sikio lako, lakini kilitosha kunionyesha. Sauti kubwa zilikuwa juu ya mstari, na tundu lako ni jembamba, kwa hiyo kwako zilikuwa kubwa hata zaidi. Sauti nyembamba za maneno hazikufika hata nusu ya njia. Kila ulichokisema kilikuwa kweli, neno kwa neno, sahani, gazeti, ukuta. Hukuwa mkaidi Baba. Ulikuwa mteja anayelalamika kwa haki, na aliyekukatalia ni mwanao.

Nimekaa na jambo hili wiki mbili. Niliwaita wageni ishirini na sita, nikawaomba radhi mmoja mmoja, wewe nikakuacha, kwa kuwa kwako sikuwa nimekosea tu, nilikuwa nimedanganya. Na leo yule bwana aliponigeuzia fomu ile akasema yote yawe kama hili, niliinuka. Nilitoka nikanawa uso.

Lakini saa kumi, kabla ya kufunga, nilimwomba Spika ufunguo wa kabati la mafaili. Hakuniuliza kitu, aliniambia kwa sauti yake ndogo kabisa, ambayo duka la dawa lazima walisikia, kwamba yeye hajaona mtu. Nilichukua fomu yako, nikapiga mstari mmoja juu ya sahihi yangu, mstari ulionyooka, ili kilicho chini kisomeke. Pembeni nikaandika: "Haikupimwa. Namba hizi nilizinakili kwenye kompyuta." Nikaweka tarehe ya leo na jina langu lote. Kesho saa nne nitaliweka faili lako juu ya mengine arobaini na moja, na nitalifungua mwenyewe mbele ya wakaguzi kabla hawajaomba. Baada ya hapo nitawaonyesha orodha ya niliowapima na tarehe za kweli, na ya kumi na watano waliobaki ukiacha wewe. Watakalofanya wafanye. Wakinifukuza kwa uongo ule mmoja watakuwa na haki, lakini hawatanifukuza nikiwa nimeandika arobaini na moja mengine. Na Bwana Dakika hatapata faili la mfano tena.

Usimruhusu Mama aje kuniombea msamaha kwa mtu. Usimruhusu Kaka aseme nimejiharibia. Nikijaribu kuhesabu nilichojiharibia, naona ni zile wiki saba tu.

Sasa ombi langu. Jumatatu tarehe 20, saa tatu asubuhi, njoo. Kama bado nina kazi, utakaa kwenye kile kiti chenye mkono uliolegea, ambao najua utaanza kuukaza kabla hujasalimia mtu. Kama sina, yule fundi cherehani, niliyempigia simu jioni hii, amesema atakushika mkono mwenyewe akuingize, na mwenzangu ameahidi kukupima mimi nikiwa nimesimama dirishani kwa nje. Kifaa kiko kwangu, nimekisafisha, nimekitoa kwenye skrubu. Mama aje pia, aongee mbele yako kwa sauti ya chini, ya kawaida, na ile ya tatu ambayo anaijua mwenyewe. Ukisema sahani bado zinapiga, nitaanza upya. Ukisema mara kumi, nitaanza mara kumi, na foleni itasubiri.

Njoo na penseli yako. Nimechora kisanduku kidogo chini ya fomu, chini ya sahihi ya mpimaji, na tangu mwezi uliopita kila mteja wangu ndiye anayeweka alama hapo, si mimi. Bwana Dakika anasema hakitambuliki. Wale ishirini na sita nao wamekwisha kukijaza. Usiweke alama kwa sababu ni mimi. Iweke mlango ukikubali.

Msalimie Mama, umwambie lile kopo la skrubu nitalirudisha likiwa na skrubu zote. Wasalimie wenzako wa drafti, waambie Mzee Ndiyo amesema hapana, na kwamba alikuwa na haki kuisema tangu Februari. Kaka simsalimii, ameshasalimiwa juu.

Nisamehe Baba, lakini usinisamehe haraka.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba

Jumatano, 15 Mei, alfajiri. Mvua ndogo. Kaka anapiga honi nje na gundi haijakauka. Jana nililala saa saba na robo usiku, usingizi mzito.